Mfano Mdogo Uliofunza Mashine Kubwa

Watu wengi hudhani kwamba kitu kidogo kilichofanywa kwa mfano wa kitu kikubwa ni cha kuchezea tu. Mtoto hukishika kikamfurahisha. Mtu mzima hukitazama kitambo, akatabasamu, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Lakini historia ya mashine ya mvuke yatuonyesha jambo jingine. Katika karne ya kumi na nane, mifano iliyowekwa juu ya meza ilisema kweli ambayo mashine kubwa, kwa kishindo chake chote, haikuweza kuisema. Mara moja kweli hiyo ilisikilizwa, mara moja ilinyamazishwa, na mara moja iliokolewa na mtu mwingine. Tukizifuata habari hizo tutajua kwa nini hata leo wako watu wanaojenga injini ndogo majumbani mwao kwa mikono yao wenyewe.

Mashine ya mvuke ya kwanza yenye pistoni, iliyofanya kazi ya maana, ilijengwa na Thomas Newcomen katika mwaka wa 1712, karibu na mji wa Dudley, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kutoa maji yaliyojaa katika mgodi wa makaa ya mawe. Mvuke uliingizwa katika silinda kubwa, kisha maji baridi yakanyunyizwa humo ndani. Mvuke ulipopoa uligeuka kuwa matone, nafasi yake ikabaki tupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Pistoni iliposhuka ilivuta boriti, na boriti ikainua pampu. Mashine hiyo ilikula makaa kwa ulafi. Lakini kwa kuwa ilikaa mlangoni pa mgodi wenyewe, makaa hayakuwa haba, na ulafi wake haukumtia mtu wasiwasi.

Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Uskoti, kilikuwa na mfano mdogo wa mashine hiyo kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Silinda yake ilikuwa na upana wa inchi 2 tu. Mfano haukufanya kazi vizuri. Ulipelekwa London kwa fundi, nao ukarudi bila ya kupona. Katika majira ya baridi yaliyoanza mwaka wa 1763 ulikabidhiwa James Watt, fundi wa vyombo vya kupimia, kijana wa miaka 27, ambaye chuo kilikuwa kimempa chumba cha kufanyia kazi.

Watt aliutengeneza mfano ukaenda, lakini haukuenda sana. Baada ya mapigo machache ulisimama, maana boila, ingawa ilionekana kuwa kubwa ya kutosha, iliishiwa na mvuke. Fundi mwingine angaliweza kusema kwamba huu ni mfano tu, akaurudisha kwa wenyewe na kupokea ujira wake. Watt aliuliza: mvuke umekwenda wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa katika udogo wenyewe. Chukua sanduku lenye inchi 2 kila upande: uso wake ni inchi za mraba 24, na nafasi yake ni inchi za ujazo 8. Sasa chukua sanduku lenye inchi 1 kila upande: uso wake ni 6, na nafasi yake ni 1 tu. Katika sanduku la kwanza kila sehemu moja ya nafasi ina sehemu 3 za uso. Katika la pili ina 6. Hivyo kitu kinapopunguzwa, nafasi yake hupungua upesi kuliko uso wake. Silinda ndogo ina ukuta mwingi wa kuupoza mvuke mchache. Ila hii ilikuwamo katika mashine kubwa pia, lakini ukubwa uliificha. Udogo uliikuza hata ikaonekana. Watt alipopima, aligundua kwamba kila pigo lilitumia mvuke mara kadhaa kuliko ule ambao ungetosha kuijaza silinda. Sehemu kubwa ilipotea katika kuipasha moto silinda ambayo punde tu ilikuwa imemwagiwa maji baridi.

Katika mwaka wa 1765, siku moja ya Jumapili, Watt alikuwa akitembea katika uwanja wa Glasgow Green, ndipo suluhisho lilipomjia: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, ili silinda ikae moto daima. Aliijaribu fikira hiyo kwa mfano mwingine mdogo, nao ukamtii. Lakini kutoka mfano hadi mashine ya kuuzwa palikuwa na safari ya miaka 11. Hati ya kuulinda uvumbuzi wake ilitolewa mwaka wa 1769, na bado mvuke ulivuja, maana silinda kubwa za siku zile hazikuwa duara kamili. Shida hiyo haikuisha mpaka John Wilkinson, aliyekuwa amebuni mwaka wa 1774 mashine ya kutobolea mizinga, alipozichonga silinda kwa usahihi uliokuwa haujapata kuonekana. Katika mwaka wa 1776 mashine za Watt na mshirika wake, Matthew Boulton, zilianza kazi. Hapo twapata fundisho la pili: fikira njema ikitiwa katika kazi mbaya ni maji katika pakacha.

Mfano wa pili haukupata bahati hiyo. William Murdoch alikuwa mtumishi hodari wa Boulton na Watt katika jimbo la Cornwall. Mnamo mwaka wa 1784, alipokuwa akikaa Redruth, alitengeneza mfano wa gari la magurudumu matatu lililokwenda kwa nguvu za mvuke, na maji yake yalichemshwa kwa taa ya spiriti. Mwaka wa 1786 alifunga safari ya London kuutafutia uvumbuzi wake hati. Boulton alikutana naye njiani, karibu na Exeter, akamshawishi arudi. Walipofika Truro, Murdoch aliliendesha gari lake ukumbini, nalo likazunguka likibeba sepetu ya makaa, koleo na chuma cha kuchochea moto. Boulton aliona kwa macho yake kwamba gari lilikwenda. Hata hivyo waajiri hawakupenda mtumishi wao atumie nguvu zake kwa magari, naye akarudi kwenye mashine za migodi. Mfano ulisema kweli. Wenye kusikia ndio waliokosa masikio.

Mtu aliyeiokoa kweli hiyo aliishi Camborne, maili chache tu kutoka Redruth. Jina lake ni Richard Trevithick. Mwishoni mwa miaka ya 1790 alikuwa na mifano ya injini zilizotumia mvuke wenye kani kubwa, ambazo hazikuhitaji chombo cha kupozea. Hati ya Watt ilipokwisha muda wake mwaka wa 1800, njia ilifunguka. Katika mkesha wa Krismasi wa mwaka wa 1801 gari lake kubwa lilipanda kilima cha Camborne likiwa limebeba watu. Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren katika nchi ya Wales, injini yake ilivuta juu ya reli tani 10 za chuma na watu wapatao 70, mwendo wa zaidi ya maili 9. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu gari dogo la Murdoch. Injini zilizopanda kutoka Mombasa kwenda bara ni wajukuu wa mifano hiyo. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi imehifadhiwa injini iitwayo Mount Gelai, yenye uzito wa zaidi ya tani 250. Lakini msingi wa kazi yake, mvuke wenye kani kuisukuma pistoni ndani ya silinda, ni uleule wa Trevithick.

Mashine kubwa zilipoenea, mfano haukufa, ulihamia majumbani. Mwaka wa 1898 Percival Marshall alianzisha huko London gazeti liitwalo The Model Engineer, kwa ajili ya watu waliojenga mashine ndogo baada ya saa za kazi. Katika miaka ya 1920 palizuka humo ubishi mkali. Walikuwapo wajuzi walioshikilia kwamba injini ya reli yenye upana wa inchi 2½ haifai kuwashwa kwa makaa, na kwamba haiwezi kumvuta mtu mzima. Fundi mmoja, aliyetia sahihi maandishi yake kwa herufi LBSC, hakutegemea maneno peke yake. Alikuwa amejenga injini aliyoiita Ayesha. Aliiwasha kwa makaa, nayo ikamvuta mtu.

Kazi yenyewe huanza kwa vipande vya chuma na shaba vilivyosubiwa katika kalibu, vikiwa vibichi na vyenye mikwaruzo. Fundi huvipima, huvitia alama, huvikereza kwenye kerezo, huvitoboa kwa keekee, kisha huvibana katika jiliwa na kuvisugua kwa tupa. Pistoni ikilegea hupitisha mvuke. Ikikaza mno hukwama. Vali ikifunguka mapema mno au ikichelewa, injini hukataa kuzunguka. Boila hufanywa kwa shaba nyekundu na kuungwa kwa lehemu ya fedha. Kabla ya kuwashiwa moto hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu mpaka kani ifike maradufu ya ile itakayotumika, kwa sababu maji yakipasua chombo hulowesha tu, bali mvuke ukikipasua huweza kuua. Ndipo huja msasa, na mwisho rangi. Rangi humpendeza mtazamaji, lakini haizibi tundu lolote. Injini hujaribiwa kwanza, ikapambwa baadaye.

Watt mwenyewe alipostaafu alirudi kwenye kazi ndogo. Katika nyumba yake ya Heathfield, karibu na Birmingham, alikuwa na karakana chini ya paa, ambamo alitengeneza mashine za kunakili sanamu. Alipofariki mwaka wa 1819 chumba kilifungwa. Mwaka wa 1924 vitu vyake, ambavyo ni zaidi ya 8,000, vilihamishiwa katika makumbusho ya sayansi ya London, ambako vimepangwa kama alivyoviacha. Mtu ambaye mashine zake zilikuwa zimeenea katika migodi na viwanda alichagua kumaliza siku zake mbele ya meza ya fundi.

Kijana atakayepewa siku moja chombo kilichoharibika, kiwe cha shule au cha nyumbani, asipime kwanza ukubwa wa chombo hicho wala ukubwa wa ujira wake. Na aulize kama Watt alivyouliza: mvuke umekwenda wapi? Kisha akae papo hapo mpaka apate jibu.