Uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1800

Katika uchaguzi huu chama tawala cha Marekani kiling'olewa kwa kura kwa mara ya kwanza. Rais John Adams wa Federalist alipata kura 65 za wajumbe wa uchaguzi, naye Thomas Jefferson wa Democratic-Republican akapata 73.

Lakini mgombea mwenza wa Jefferson, Aaron Burr, naye alipata 73. Katiba haikutenganisha kura ya rais na ya makamu, hivyo uamuzi ukaangukia Baraza la Wawakilishi, kila jimbo likiwa na kura moja. Kati ya majimbo 16 Jefferson alihitaji 9. Akakwama kwenye 8. Mwakilishi Joseph Nicholson wa Maryland, mgonjwa wa homa kali, alibebwa kwenye theluji hadi bungeni, akalazwa chumba cha pembeni na kupigia kura kitandani. Bila yeye, Maryland ingemwendea Burr. Moyo huo wastahili kukumbukwa.

Kura ilirudiwa hadi mara ya 36, tarehe 17 Februari 1801, mwakilishi James Bayard wa Delaware alipoacha kumpigia Burr, na Jefferson akashinda. Alfajiri ya 4 Machi, siku ya kiapo cha Jefferson, Adams aliondoka Washington kimyakimya. Badiliko la 12 la Katiba lilitenganisha kura ya rais na ya makamu mwaka 1804.