Debian: Jinsi mfumo huria wa kompyuta unavyojengwa, na nani anaulinda

Mnamo Machi 29, 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aliwatahadharisha wenzake duniani kuhusu jambo alilolikuta kwa bahati. Katika kompyuta yake ya majaribio, kuingia kwenye seva kutoka mbali kulichukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipofuatilia sababu, alikuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Kompyuta hiyo ilikuwa ikitumia tawi lisilo imara la Debian.

Kisa hicho kiliwashtua wataalamu kwa sababu xz ni programu huria: msimbo chanzo wake uko wazi na yeyote anaweza kuusoma. Hata hivyo, maagizo yaliyouamsha mlango huo hayakuwamo katika hifadhi ya wazi ya msimbo. Yalikuwa ndani ya furushi lililotolewa kwa wajenzi wa mifumo, na yalifanya kazi pale tu xz ilipokuwa ikijengwa kuwa kifurushi cha mifumo kama Debian. Aliyeyaweka alijua kwamba watu wengi huuangalia msimbo, lakini wachache huuangalia ujenzi.

Kutoka msimbo hadi programu

Msimbo chanzo ni maandishi ya mwanadamu, yaliyoandikwa kwa lugha maalumu ya kuielekeza kompyuta. Mashine haiyaelewi moja kwa moja. Ni sharti yageuzwe na programu iitwayo kompaila yawe mfululizo wa tarakimu ambao mashine huutekeleza. Kazi hiyo ndiyo huitwa ujenzi.

Uhusiano wa msimbo na programu iliyojengwa ni kama ule wa mahindi na unga. Mahindi yanaweza kuchambuliwa punje kwa punje, lakini anayenunua unga hawezi kuona kwa macho yote yaliyopita mashineni. Watumiaji wengi wa kompyuta hununua unga. Hupakua programu iliyokwisha kujengwa na kuamini kuwa imetokana na msimbo ule ule uliotangazwa.

Mradi usio na mwenyewe

Debian ilianzishwa mnamo Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Jina lenyewe liliunganishwa kutoka jina lake na la mchumba wake wa wakati huo, Debra. Hadi leo mradi huo haumilikiwi na kampuni yoyote. Una wasanidi rasmi wapatao 1,000 wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali, katiba iliyopitishwa mwaka 1998, na kiongozi anayechaguliwa kwa kura kila mwaka. Mkataba wake wa kijamii, uliopitishwa mwaka 1997, unauahidi umma kwamba mfumo utabaki huria na kwamba matatizo yake hayatafichwa.

Anayetaka kuwa msanidi hupimwa ujuzi wake na uelewa wake wa misingi ya mradi. Zaidi ya hayo, ufunguo wake wa kidijitali huthibitishwa na wasanidi waliomtangulia, ambao kwa desturi hukutana naye ana kwa ana na kukagua kitambulisho chake. Mikutano ya kila mwaka ya mradi, ukiwamo uliofanyika Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2016, hutumiwa pia kwa shughuli hiyo.

Afrika Kusini ina uhusiano mwingine na Debian. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth, mfanyabiashara mzaliwa wa nchi hiyo, alianzisha Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya kazi ya Debian na kupewa neno la Kizulu na Kikhosa lenye maana ya utu. Kwa hiyo, kasoro inayopita bila kuonekana katika Debian inaweza kuwafikia hata watu wasiowahi kusikia jina hilo.

Safari ya kifurushi

Mfumo wa Debian umegawanywa katika vifurushi. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lina zaidi ya vifurushi 69,000. Kila kifurushi huwa na msimbo wa mwandishi wa awali, pamoja na mafaili ya Debian yanayotaja mambo matatu: programu nyingine zinazohitajika katika ujenzi, hatua za ujenzi zenyewe, na kumbukumbu ya mabadiliko.

Msanidi hutia saini ya kidijitali kwenye kifurushi na kukituma. Seva za mradi hukijenga upya kwa kila aina ya kichakato kinachohudumiwa, katika mazingira safi yenye vile tu vilivyotajwa. Tangu mwaka 2019, kanuni ya jumla ni kwamba kifurushi kilichojengwa kwenye kompyuta binafsi ya msanidi hakiwezi kuendelea hadi toleo linalofuata. Lazima kijengwe na seva hizo.

Kwanza kifurushi huingia katika tawi lisilo imara. Kikikaa siku kadhaa bila kasoro kubwa kuripotiwa, huhamia tawi la majaribio. Takribani kila baada ya miaka miwili, tawi la majaribio hufungwa, kasoro zilizobaki hurekebishwa, na toleo imara hutangazwa. Utaratibu huo wa polepole, ambao baadhi ya watumiaji huulalamikia, ndio uliosaidia mwaka 2024. Xz yenye mlango wa siri ilikuwa imefika katika matawi ya majaribio, lakini haikuwa imeingia toleo imara.

Ujenzi unaorudiwa

Tangu mwaka 2013, wasanidi wa Debian wamekuwa wakifanyia kazi kinga nyingine: watu wawili wakijenga msimbo ule ule, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wapate matokeo yasiyotofautiana hata kwa tarakimu moja. Matokeo yakilingana, seva ya ujenzi haiaminiwi tena kwa jina lake tu, kwani yeyote anaweza kuikagua kwa kujenga mwenyewe.

Jambo hilo linaonekana rahisi, lakini halikuwa rahisi. Programu nyingi zilikuwa zikijiandikia tarehe na saa ya ujenzi, jina la folda zilimojengwa, au orodha ya mafaili kwa mpangilio unaobadilika kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kila tofauti ya namna hiyo ilibidi itafutwe na kuondolewa, kifurushi kwa kifurushi. Leo, katika vipimo vya mradi, zaidi ya asilimia 90 ya vifurushi vya tawi la majaribio hujengwa kwa matokeo yale yale.

Hata hivyo, kompaila yenyewe ni programu iliyojengwa. Akipokea Tuzo ya Turing ya mwaka 1983, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alieleza jinsi kompaila inavyoweza kupandikiza mlango wa siri katika programu nyingine na kujirithisha hila hiyo bila kuacha alama katika msimbo. Jibu moja lilipatikana mwaka 2023, pale mradi wa Guix ulipotangaza kwamba unaweza kujenga mfumo wake kwa kuanzia na programu ya baiti 357 tu, ambayo mtu anaweza kuikagua yote kwa macho.

Mpaka wa kinga

Ujenzi unaorudiwa usingeizuia xz ya mwaka 2024. Furushi lililokuwa na hila lingejengwa na watu kumi na kutoa matokeo kumi yanayofanana, yote yakiwa na mlango ule ule. Kinga hiyo huthibitisha kwamba unga umetoka katika mahindi yaliyoletwa. Haisemi kama mahindi yenyewe ni safi.

Upande huo bado unategemea watu. Kwa miaka mingi xz ilitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea. Aliyeingiza mlango wa siri alitumia takribani miaka miwili kumsaidia kazi, akijulikana kwa jina la mtandaoni pekee, hadi akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Baada ya tahadhari ya Freund, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yaliondolewa katika mifumo iliyokuwa imeyapokea. Nani hasa alikuwa nyuma ya jina hilo haijathibitishwa hadharani.