Kiingereza cha zamani: jinsi ya kuelewa maneno ya Shakespeare

Mtoto wa Nkololo akisikia methali "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji", anaweza kumfikiria mnyama anayetoka Serengeti na kuvamia mashamba. Kumbe tembo linalosemwa hapo ni pombe inayogemwa kwenye mnazi. Neno analijua, maana imempita.

Hayo ndiyo humkuta mwanafunzi anayefungua tamthiliya ya William Shakespeare, Mwingereza aliyefariki mwaka 1616. Mambo matatu yatamsaidia.

Neno huweza kukudanganya

"Wherefore" linafanana na "where", yaani wapi, lakini maana yake ni kwa nini. Katika Romeo and Juliet, wengi hudhani Juliet anauliza Romeo yuko wapi. La hasha. Analalamika kwa nini kijana ampendaye awe Romeo, mtoto wa ukoo hasimu. Ukikosea neno hilo moja, umekosa kiini cha tamthiliya nzima.

Nani anamwambia nani

"Thou" na "thee" ni wewe, kwa mtu wa karibu au wa chini. "You" ilikuwa ya watu wengi, au ya mmoja anayeheshimiwa. Mhusika akihama kutoka moja kwenda nyingine, jiulize: amependa, amekasirika, au anadharau?

Msemo una kisa chake

Mwingereza akisema jambo fulani kwake ni Kigiriki, ana maana hakuelewa kitu. Katika Julius Caesar, Casca anasimulia kwamba Cicero alizungumza Kigiriki chenyewe. Vilevile, anayedai "ratili ya nyama" ni mdai asiye na huruma, kama Shylock aliyetaka kumkata mdaiwa wake mwilini kwa sababu mkataba ulisema hivyo.

Msaada wa Mwalimu

Mwalimu Julius Nyerere alifasiri Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969. Hii ya pili aliiita Mabepari wa Venisi, ingawa "merchant" ni mfanyabiashara tu. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno bepari lilikuwa na uzito wake. Mfasiri naye huchagua maana, kwa hiyo soma tafsiri ukiwa na kitabu cha Kiingereza pembeni.

Ukikwama, usifasiri neno kwa neno. Soma ukurasa mzima, kisha msimulie mwenzako kilichotokea, kwa Kiswahili au Kisukuma. Pale utakaposhindwa kusimulia, ndipo neno gumu lilipo. Hilo ndilo la kumuuliza mwalimu wako.