Fikra ya Mwalimu, Kalamu ya Wanafunzi: Sheikh Al-Amin Mazrui na Tafsiri ya Kurani

Jina la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) hutajwa zaidi na wanahistoria wa dini kuliko wanaisimu, ilhali Kiswahili nacho kina deni kwake. Kutokana na maandishi ya wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, aliipata fikra iliyo nyepesi kuielezea na nzito kuitenda: kwamba Mwislamu hana budi kuyafahamu anayoyasoma. Mombasa, kufahamu huko kulimaanisha Kiswahili.

Kabla yake elimu ya dini ilikuwa na Kiswahili chake, lakini aghalabu kilikuwa Kiswahili cha tenzi. Mijadala mizito ya wanazuoni ilibaki katika Kiarabu. Yeye aliichagua nathari, na nathari ya gazeti: mwaka 1932 alianzisha Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Alianza pia kuifasiri Kurani, kazi ambayo kwa Kiswahili ilikuwa imekwisha kutangulizwa na mmisionari, Godfrey Dale, mwaka 1923. Kutangulizwa huko, bila shaka, kuliwachoma wanazuoni wengi. Mauti yalimfika kabla hajaikamilisha.

Hapo ndipo unapoonekana uzito wa mwalimu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja (1912–1982), aliyeathiriwa mno na fikra zake, hakurithi muswada; alirithi hoja. Akaandika tafsiri yake mwenyewe, akaitoa kwa sehemu, na mwaka 1969 Qurani Takatifu ikachapishwa kamili Nairobi. Maneno ya Kiarabu yamewekwa bega kwa bega na Kiswahili, na maelezo chini yake hayaachi kubishana: na Dale, na Waahmadiya waliokwisha kutoa tafsiri yao mwaka 1953, na hata na mila za Waislamu wenyewe ambazo Farsy aliziona hazina msingi. Ubishi huo ulimletea wapinzani miongoni mwa wanazuoni wa pwani. Anayetaka kujua jinsi fikra inavyogeuka kuwa tendo na aanzie katika maelezo hayo ya chini, si katika dibaji.

Hata hivyo mwanafunzi hakuwa kivuli. Al-Amin aliandika kwa lugha yenye ladha ya Kimvita. Farsy aliandika kwa Kiunguja, tena kwa mtindo wa mwalimu wa darasani, wa kurudia na kufafanua katika mabano, mtindo ambao wahakiki wa lugha wameulaumu kwa ukali kupita kiasi. Kama lengo ni kufahamika, mabano hayo ni utiifu kwa fikra ile ile.

Mwanafunzi mwingine, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliyemtangulia Farsy katika cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya, alishika njia tofauti: aliuhifadhi na kuuhariri muswada wa mwalimu. Sehemu yake, Al-Fatiha na Al-Baqara, ilichapishwa Nairobi mwaka 1980. Kwa hiyo wasomaji wengi waliisoma kazi ya mwanafunzi miaka 11 kabla ya kuiona ya mwalimu.