Thamani ya Waya

Ugomvi juu ya bei ya waya haukuanza katika vyumba vya wasikilizaji wa santuri. Ulianza chini ya bahari, na mara ile ya kwanza haki ilikuwa upande wa waya ghali.

Mwaka 1856 ilianzishwa kampuni yenye mtaji wa pauni 350,000 ili kulaza waya wa telegrafu kutoka Ireland mpaka Newfoundland. Fundi wake wa umeme alikuwa Wildman Whitehouse, mganga wa kupasua aliyejifunza umeme mwenyewe kwa majaribio mengi. Mpinzani wake alikuwa William Thomson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, aliyeketi katika baraza la kampuni hiyo hiyo. Thomson alionyesha kwa hesabu kwamba katika waya wa chini ya bahari ishara huchelewa kwa kadiri ya mraba wa urefu: urefu ukizidi mara mbili, kuchelewa huzidi mara nne. Dawa aliyoitaja ilikuwa shaba nene iliyo safi, na gamba nene la utomvu juu yake. Whitehouse alikana. Wenye kampuni walikuwa na haraka, na mwenye haraka hupenda kuambiwa kwamba kilicho rahisi kinatosha. Tena shaba ilikwisha agizwa, ratli 107 kwa kila maili ya bahari. Thomson alipopima vipande vya shaba kutoka viwanda mbalimbali aliona kwamba vyote viliitwa shaba, lakini vingine vilipitisha umeme vibaya mno kuliko wenzi wao.

Waya ulifika ng'ambo Agosti 1858. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan zilikuwa na maneno 98, nazo zilichukua saa 16 kupita. Whitehouse alipoona ishara ni dhaifu alisukuma umeme wa volti zipatazo 2,000 katika waya ambao tayari ulikuwa na kasoro, na baada ya majuma machache ukanyamaza. Mali ya watu ikabaki chini ya maji. Waya uliolazwa mwaka 1866 ulikuwa na ratli 300 za shaba kwa maili, ukapitisha maneno kama 8 kwa dakika. Ule uliofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879 ulilazwa ugomvi ukiwa umekwisha.

Basi amchekaye kila mtu anunuaye waya mnene hajui historia. Lakini waya ule wa bahari ulikuwa na urefu wa maili zipatazo 2,000. Waya wa chumba cha muziki una mita chache.

Kwa miaka mingi spika ziliungwa kwa waya wa kawaida wa taa, wala hapakuwa na aliyeufikiria. Mwaka 1979 Noel Lee, mhandisi na mpiga ngoma wa California, alianzisha kampuni ya Monster Cable kuuza waya mnene wa spika. Kitu kilichokuwa hakina jina wala heshima dukani alikigeuza kuwa bidhaa yenye vyote viwili. Wengine walimfuata, wakampita kwa bei. Wakaja na nyaya za fedha na vichwa vilivyopakwa dhahabu.

Hapa hesabu ni nyepesi, nayo ni ya Georg Ohm, aliyeitoa mwaka 1827. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 5, huuzuia umeme, kwenda na kurudi, kwa omu 0.07 hivi. Spika ya kawaida ina omu 8. Kipoteacho njiani hakifiki sehemu moja katika mia. Waya wa milimita za mraba 0.2 hupoteza karibu sehemu 10 katika mia, na hapo sikio lina haki ya kulalamika. Fedha huishinda shaba kwa sehemu kama 6 katika mia, faida ambayo shaba huipata ikinenepeshwa kidogo tu. Dhahabu, kwa jina lake lote, hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba. Sifa yake ni kwamba haishiki kutu.

Agosti 1983 jarida la Marekani, Stereo Review, lilichapa jaribio la wasikilizaji 11 wasioambiwa ni waya gani unaotumika. Waya mwembamba ulijulikana kwa mvumo wa majaribio. Waya mnene wa taa na ule wa Monster hawakuweza kuupambanua mmoja na mwingine katika muziki.

Wanunuzi si waongo. Sauti iliyozidi kidogo tu husikika kuwa nzuri zaidi, na ajuaye bei husikiliza pamoja na bei. Hasara ni ya mtu wa mshahara wa kadiri, atoaye kwa waya fedha ambazo zingempa spika bora, kifaa ambacho tofauti zake hata mtoto huzisikia.

Mwaka 2007 James Randi, mfanya mazingaombwe mashuhuri, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kutambua kwa sikio waya wa spika wa dola 7,250 mbele ya waya wa kawaida. Mwandishi Michael Fremer aliitika. Kampuni yenye waya ikajitoa, maneno yakawa mengi, na jaribio halikufanyika. Dola zikabaki zilipokuwa, na nyaya za bei kama hiyo zingali zikiuzwa.