Nyimbo Zilivyotufikia Kabla ya Intaneti

Katika kijitabu hiki cha yubile utasoma habari za walimu wa kwaya, safari tulizofanya na sare tulizovaa. Sisi tulioimba miaka ya mwanzo tumeombwa tujibu swali ambalo vijana hutuuliza kila mara baada ya mazoezi: kabla ya simu na YouTube, nyimbo mlikuwa mkizitoa wapi? Jibu fupi ni kwamba tulizifuata zilipokuwa. Jibu refu ndilo hili.

Redio

Mlango wa kwanza ulikuwa redio. Hadi 1989 tulisikiliza Sauti ya Kenya, ambayo mwaka huo ikawa KBC. Wazee wetu walikuwa wamesikia pia sauti ya mbali zaidi: Radio Voice of the Gospel, kituo cha Walutheri kilichoanza kutangaza kutoka Addis Ababa mwaka 1963. Vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, upande wa pili wa Kilimanjaro ukiutazama mlima kutoka Loitokitok. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo hicho, na sauti hiyo ikakatika.

Wimbo wa redio haukumsubiri mtu. Ukipita, umepita. Kwa hiyo tuligawana kazi: mmoja aliandika ubeti wa kwanza, mwingine wa pili, mwingine kiitikio. Mwenye sikio zuri hakuandika chochote. Yeye alishika tuni peke yake. Mapengo yalijazwa siku wimbo uliporudiwa, na hakuna aliyejua ungerudiwa lini. Ndiyo maana wimbo mmoja uliweza kuimbwa kwa maneno haya Isinya na kwa maneno mengine Bisil, na kila kanisa likaona lake ndilo lenyewe. Betri nazo zilikuwa mali. Zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumaliza ibada ya jioni.

Televisheni ilikuja polepole. Nyumba yenye Great Wall ndogo, isiyo na rangi, ikitumia betri ya gari, ilijaa watu Jumapili kungojea vipindi vya nyimbo vya KBC kama Joy Bringers na Sing and Shine. Tuliangalia zaidi ya kuimba. Tuliangalia wanavyosimama, wanavyoingia na wanavyomtazama mwalimu wao.

Kanda

Kaseti ilipofika vijijini ilibadilisha mambo, kwa sababu sasa wimbo ungeweza kurudishwa nyuma. Kampuni ya Philips ndiyo iliyoitoa, mwaka 1963. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na kuirudisha kwa redio kulikula betri, basi tuliitia kalamu ya Bic katika tundu na kuizungusha kwa mkono.

Kanda zilitufikia kwa njia mbili. Kutoka kaskazini zilitoka River Road, Nairobi, kwa matatu. Kutoka kusini zilipanda na barabara ya Namanga, mikononi mwa madereva, wafanyabiashara na jamaa waliokuwa na ndugu Arusha. Hivyo ndivyo kwaya za Tanzania zilivyokuwa walimu wetu bila kutujua: Ulyankulu kutoka Tabora, AIC Makongoro kutoka Mwanza, na baadaye Kijitonyama Upendo Group ya Dar es Salaam.

Mchuuzi alikusikilizisha wimbo mmoja, pengine viwili, halafu ulipe au uondoke. Ukifika nyumbani ulisikiliza kanda nzima, upande wa kwanza na wa pili, kwa kuwa kuruka wimbo kulikuwa kazi. Mara nyingi wimbo ulionunulia kanda haukudumu, na ule wa mwisho upande wa pili, ambao hakuna aliyeuomba, ndio kwaya ilioimba miaka kumi.

Kuujifunza kulihitaji saburi. Mwalimu alibonyeza, akasikiliza mstari, akazima. Kwanza aliitafuta sauti ya juu, kisha besi, na mwisho akachambua zile mbili za kati, ambazo hujificha. Kisha aliandika ubaoni kwa do-re-mi. Mtindo huo wa herufi ulianzishwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakauleta kwetu. Ulitufaa kwa sababu uliandikika kwa chaki, kwa kalamu, hata kwa taipureta na stensili.

Sinema ya usiku

Filamu tuliziona kwa nadra. Waliokwenda Nairobi walipita karibu na sinema ya magari ya Belle Vue, Mombasa Road, na wengi wetu hatukuwahi kuingia. Sinema ilitujia yenyewe: gari, jenereta, na shuka nyeupe iliyotundikwa baada ya mifugo kuingia bomani. Filamu ya Yesu, iliyotengenezwa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka, ndiyo iliyojaza viwanja zaidi. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka na kuona kila kitu kimegeuka, kulia kukiwa kushoto. Kwaya iliimba projekta ikiandaliwa, na iliimba tena utepe ulipokatika.

Watu

Lakini nyimbo nyingi zaidi hazikuja kwa chombo chochote. Zililetwa na watu. Kitengela ilikuwa kituo kidogo cha barabarani, na nyika ikianzia nyuma ya maduka. Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya EPZ vya Athi River vilivuta wafanyakazi kutoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na Kati, na wengi walipanga nyumba kwetu. Kila aliyejiunga na kwaya alikuja na wimbo wa kanisa la kwao kichwani.

Akina mama wa Kajiado nao walikuwa na hazina yao. Olaranyani huanzisha, wengine huitikia, na wimbo hukua palepale. Hawakuhitaji daftari. Wimbo uliishi maadamu kulikuwa na wawili wanaoukumbuka.

Lililo mbele yetu

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, na miaka michache baadaye wimbo wowote ukawa mfukoni. Hatulilii giza. Kijana wa leo hujifunza kwa siku moja kilichotuchukua mwezi, na hilo ni jambo la kushukuru.

Hofu yetu ni nyingine. Nyimbo za kwaya kubwa zimehifadhiwa. Zetu ziko katika kanda zilizo ndani ya masanduku na juu ya makabati, na joto na vumbi vinazila. Katika baadhi ya kanda hizo wanaimba wapendwa waliotutangulia, na hakuna mahali pengine sauti zao zimebaki. Nyimbo za akina mama hazijarekodiwa kabisa.

Kwa hiyo tunaomba zawadi moja ya yubile. Aliye na kanda ailete kama ilivyo. Asiijaribu kwenye redio kuukuu, isije ikatafunwa. Vijana wenye kompyuta wainakili, na wazee waketi nao waseme ni nani anayeimba, nani alitunga, na mwaka gani. Na akina mama warekodiwe sasa, wakiwa pamoja, wakiongozwa na olaranyani wao.