Ngoma Mpya na Ngoma za Kitambo: Hivi Ndio Msee wa Muziki Huzisaka

Uko ndani ya nganya ya Rongai, saa moja jioni, jam imeshika Lang'ata Road. Miksi ni moto. Ngoma ya tatu inakugonga mbaya lakini hujui ni ya nani, na kabla utoe simu mfukoni, DJ ameshaingiza ingine.

Shazam husaidia, lakini DJ akiongeza spidi ama akipanga ngoma mbili juu ya ingine, huchanganyikiwa. Ikikataa, shika maneno manne matano ya korasi uyaandike kwa simu venye umeyaskia, halafu uyasake YouTube ukifika keja. Sheng haina spelling moja, kwa hivyo jaribu kila namna. Ama uliza makanga. Flashi ni yao, na wengi hujua ngoma ata kabla ziingie redio. Shida ni uskie jibu juu ya hizo spika.

Ukipata jina usiishie hapo. Hapa ndio wasee wengi huachia: wanapenda ngoma moja, wanairudia hadi inachosha, kisha wanangoja simu iwachagulie ingine. Cheki nani ametengeneza biti na nani wameshirikishwa. Chukua Wakadinali. Ukianza na albamu yao Victims of Madness ya 2020, utapata Scar Mkadinali, Domani Munga na Sewersydaa, na kila mmoja ana kazi zake nje ya kundi. Kila kolabo inakupeleka kwa msanii mwingine. Mwezi mmoja hivi na uko na wasanii kumi hujawahi kuwaskia mahali.

Kurudi nyuma nako, mlango rahisi siku hizi ni arbantone. Hawa mayut huchukua biti za dancehall na za hits za Kenya za miaka ya 2000, wanaweka mistari yao juu. Ukicheza arbantone sebuleni na mathako aanze kuimba maneno tofauti kabisa na ya msanii, jua kuna ngoma ingine chini ya hiyo. Muulize ni gani. Usione aibu.

Mara nyingi atakutajia ngoma ya studio mbili: Ogopa Deejays ama Calif Records. Calif ni ya Clemo, na jina linatoka California, ule mtaa wa Eastlands karibu na Eastleigh. Huko ndiko genge ilipikwa, na Nonini na Jua Cali. Ogopa nao walikuwa na Nameless na E-Sir. Huyu E-Sir, msee wa South C, alikufa kwa ajali tarehe 16 Machi 2003 akitoka shoo Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Ametuachia albamu moja, Nimefika, na mimi nakushauri uiskize yote kwa mpangilio, sio zile ngoma mbili za kila sherehe. Utaskia Kiswahili kimenyooka, na msee hapotei kwa biti ata mara moja.

Kabla yao kulikuwa na Kalamashaka wa Dandora, na baadaye Ukoo Flani Mau Mau. Albamu ya Kilio cha Haki, ya 2004, ilikusanya marapa wa mitaa, na kama unadhani rap ya Kenya ya kuchana serikali ilianza juzi, anzia hapo.

Za buda na guka pia zinapatikana. Les Wanyika wako kila mahali, Sina Makosa haijawahi kufa. Zile ngumu ni za bendi ndogo zilizotoka kwa santuri za miaka ya 70 na 80. Lebo moja ya London, Soundway, ilizikusanya zingine mwaka wa 2013 kwa jina Kenya Special. Inauma kidogo kununua muziki wa guka wako kutoka Uingereza, lakini angalau iko. Kama unataka santuri zenyewe, pitia Kenyatta Market.

Sasa niwaambie kitu hizi app hazitakuambia: kuna ngoma haziko mahali popote.

Bro wangu mkubwa yuko Qatar, anafanya kazi ya soja. Mwaka jana alinitumia voice note usiku akihum ngoma fulani. Ilikuwa kwa CD tulichomewa cyber ya mtaa nikiwa class three, imeandikwa MIX 4 kwa felt pen. Hiyo CD ilikwaruzika kitambo. Shazam, zii. YouTube, zii. Nilienda hiyo cyber nikapata walifomati mashine zote na sasa wanauza nguo za mtumba. Kilichonisaidia ni kwamba maprodyusa wa enzi hizo walikuwa wanajitaja mwanzo wa ngoma, na bro alikumbuka jina la studio. Nikauliza DJ mmoja wa matanga na harusi, mzee kiasi, akaniambia msanii ni nani na siku hizi yuko wapi.

Nikampigia. Ako na duka ya hardware. Alinyamaza, akacheka, kisha akaniuliza kama ninayo nimtumie, kwa sababu yeye mwenyewe hana.

Ilichukua miezi minne. Tuliipata kwa hard disk ya huyo huyo DJ, jina la faili ni Track 09. Nikamtumia msanii kwanza, halafu bro.

Kwa hivyo kama uko na kaseti, CD ama simu ya zamani yenye ngoma, ihamishe wikendi hii, uweke mahali pawili. Andika jina la msanii, studio na mwaka kama unajua. Usipandishe kwa chaneli yako bila kumuuliza mwenyewe, ni jasho yake. Na akishaweka kwa Boomplay ama Mdundo, iskizie huko, sio kwa miksi ya mtu. Huyu wangu wa hardware bado anafikiria.